Barua kwa mwanangu: siku tisa nilizokwenda kazini bila kazi

Mji wa Kale, Mombasa

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Baada ya salamu, sisi hatujambo. Mgongo wa mama yako umetulia tangu mvua zilipokatika, mdogo wako anakwenda kazini na kurudi salama, na paka wako bado analala juu ya sanduku la bibi yako.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilisimama mlangoni, ya pili nilikaa barazani, na ya tatu ilikuwa baada ya Isha, mama yako alipokuwa keshalala. Umeniambia kwamba kazi yako iliisha tangu mwezi wa nne, na kwamba miezi yote hii hukumwambia mtu, hata sisi. Kisha ukaniuliza: "Baba, mwaka ule wa korona, kazi ilipokukatikia, ulivukaje? Ulijifunza nini ambacho waweza kunipa mimi leo?"

Nitakujibu. Ila siwezi kukujibu kweli bila kuanza na jambo ambalo mimi na mama yako hatukukueleza, na nataka ulisikie kwangu mwenyewe.

Mwaka 2020 wewe ulikuwa Nairobi, chuo kimefungwa, umekaa kwa khalati yako Islii. Kila uliponipigia simu nilikwambia hoteli inatulipa nusu mshahara na tutaitwa kazini karibuni. Nilikudanganya. Hoteli ilitufungia mlango Jumanne, tarehe 17 Machi, siku nne baada ya serikali kutangaza mgonjwa wa kwanza wa korona nchini. Tulikusanywa nyuma ya jikoni, wahudumu, wapishi, watu wa vyumbani, watu wa bustani. Wageni walikuwa washaanza kuondoka, viti vya ufukweni vimepangwa vitupu. Tukaambiwa twende nyumbani tungoje kuitwa. Hakuna aliyetaja tarehe, na hakuna aliyetaja pesa. Nilikuwa nimehudumu hoteli ile ya Diani, ng'ambo ya Likoni, miaka 26.

Jioni ile nilivuka feri ya Likoni na mfuko wangu, ndani yake mashati mawili meupe. Njia nzima nilijiambia nikifika nitamweleza mama yako. Nilipofika, alikuwa amepika wali wa nazi na samaki wa kupaka, na siku hiyo alikuwa na furaha, ananisimulia harusi ya jirani. Nikasema, kesho. Kesho yake niliamka saa kumi alfajiri kama siku zote, nikavaa, nikachukua mfuko, nikatoka.

Nilitoka hivyo siku tisa, ukiondoa siku moja ya ofu. Sikupanda feri. Nilikuwa nikikaa kwenye ile bustani iliyo karibu na zile sanamu za pembe za ndovu za Moi Avenue, chini ya miti, mpaka saa ya kurudi. Watu walikuwa wamepungua barabarani. Shule zilikuwa zimefungwa tangu tarehe 16, hata misikiti nayo ikafungwa, nikawa sina pa kuingia hata kuketi kwenye mkeka.

Na sasa nakueleza la shati. Mama yako, kama ujuavyo, alikuwa akinipigia pasi shati kila usiku. Jioni, kabla sijaingia mtaani, nililitoa mfukoni lile shati ambalo halikuvaliwa, nikalifinyanga kwa mikono miwili, nikairashia kola maji ya chupa ili ionekane imeingia jasho. Nikampelekea. Akalifua, akalianika, akalipiga pasi. Siku tisa. Sijawahi kuona aibu kama ninayoiona nikikumbuka mikono yake ndani ya karai, ikisugua kola iliyoloweshwa na mimi.

Ijumaa ya tarehe 27 Machi ndiyo siku kafyu ilipoanza. Kuanzia saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri kila mtu awe ndani. Alasiri ile watu waliokuwa kisiwani kwa kazi walikimbilia feri wote kwa wakati mmoja wawahi kwao, Likoni kukajaa, na askari wakawapiga virungu na kuwarushia vitoa machozi, saa ya kafyu haijafika. Picha zikaenea kwenye simu za watu kabla moshi haujaisha. Mama yako alizionyeshwa na jirani. Akaona watu wamelala chini kifudifudi, wengine wanatapika ukutani, na yeye ajua kwamba mumewe hupita hapo kila jioni akitoka Diani. Akanipigia. Simu yangu ilikuwa imezima chaji tangu saa nane.

Nilipofika nyumbani saa kumi na mbili na nusu, nilimkuta ameketi kwenye ngazi, ngazi ile ya mwisho iliyovunjika, na mdogo wako amesimama nyuma yake hana la kusema. Buibui alilivaa upande mmoja tu. Alikuwa tayari kwenda Likoni kunitafuta hospitalini au chumba cha maiti, kafyu au si kafyu. Aliponiona hakusema kitu. Alinishika uso, akaninusa. Nilikuwa sinuki moshi. Sinuki hata jasho.

Nikamwambia yote hapo hapo kwenye ngazi. Nilitegemea aniambie mwongo, na angekuwa na haki. Aliuliza swali moja: "Siku zote hizo umeketi peke yako?"

Mwanangu, hilo ndilo nililojifunza mwaka ule. Mengine yote nitakayokueleza yametoka kwenye swali lile. Mimi nilidhani namkinga. Nilidhani mwanamume hurudi na riziki, na kama hana riziki basi arudi angalau na shati chafu. Kumbe nilichomnyima ni nafasi ya kukaa nami pale bustanini. Nilimwacha mke wangu, niliyeishi naye miaka 24, nje ya jambo kubwa kuliko yote lililonipata, halafu nikamfanya anililie kwa msiba ambao haukuwepo.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na mwaka ule nililiona neno hilo kwa macho yangu mtaani. Walipokuja wapimaji wa korona hapa Mji wa Kale, wengi wetu tulikataa kutoka. Nami nilikuwa mmoja wao. Walipobisha hodi kwetu nilikaa kimya ndani, nimewaashiria mama yako na mdogo wako wasijibu. Watu hawakuwa wapumbavu, usifikiri hivyo. Tuliogopa karantini kuliko ugonjwa wenyewe, tuliogopa kuonekana tukipakiwa kwenye gari mchana kweupe, tuliogopa jina la nyumba. Lakini ugonjwa haungoji ruhusa. Tarehe 6 Mei serikali ikatufungia mtaa mzima, hakuna kutoka wala kuingia, mikahawa ifungwe, soko lifungwe. Siku hiyo hiyo mlifungiwa nyinyi Islii. Nakumbuka ulinipigia ukasema, "Baba, sasa sisi sote tumo ndani." Ilikuwa iwe siku 15, ikavuta mpaka tarehe 6 Juni. Mombasa yenyewe ilikuwa imeshafungwa tangu tarehe 8 Aprili, kwa hivyo tulikuwa ndani ya kufuli, ndani ya kufuli jingine.

Na ilikuwa Ramadhani.

Hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu umeniuliza nilivukaje, na nilivukia jikoni kwa mama yako.

Wajua kwamba kila Ramadhani mama yako hufanya manda za sambusa, zile ngozi za unga za kufungia nyama, za kwetu na za majirani wawili watatu. Mwaka ule akaamua kufanya za kuuza. Alikuwa na unga bandali moja na nusu. Usiku wa kwanza nilikaa mlangoni nikimtazama. Usiku wa pili akanisogezea kigoda bila kunitazama, nikakaa. Miaka 26 nimewapelekea watu chakula na sikujua kinavyofanywa. Unakanda unga wake mgumu kiasi, unakata madonge, unayasukuma kidogo, kila moja unalipaka mafuta na kulinyunyizia unga mkavu, kisha unayabeba manne, moja juu ya jingine, na kuyasukuma pamoja mpaka yawe mapana na membamba kama karatasi. Unayaweka juu ya tawa, yasiive, yapate moto tu. Halafu ndipo ilipo kazi: unayabandua moja moja yangali moto. Ukichelewa yameshikana, ukiharakisha yamechanika, na ukingoja yapoe umepoteza yote. Vidole vyangu vilibabuka wiki nzima. Mama yako alikuwa akibandua huku anaongea, hatazami hata mikono yake. Mimi nilikuwa nashika pumzi.

Manda nilizozichana tulikula wenyewe, tukazikata na kuzikaanga. Nzima tulizifunga kwa dazeni, mdogo wako akazipeleka mlango kwa mlango, barakoa usoni. (Neno hilo lilinishangaza mwaka ule. Kwa bibi yako, barakoa ilikuwa vazi la uso la mabibi wa Pwani wa zamani, na ghafla ikavaliwa na makuli na askari.) Yule mtoto alikuwa darasa la nane. Shule ilimfungia Machi, akarudi tarehe 12 Oktoba. Katika miezi saba ile alijua nani mtaani hana sukari na nani ana mgonjwa, kuliko imamu na mzee wa mtaa. Akirudi ananieleza. Nyumba nyingine nilizidhania zina neema kumbe zilikuwa zikifuturu tende na maji, wamefunga dirisha wasinuswe kwamba hakukaangwa kitu.

Nilipojua hivyo nikaelewa kwamba mtaa mzima ulikuwa na shati lake la kuloweshwa.

Mama yako akaanza kupeleka sahani. Si sadaka, alikataa kabisa neno hilo. Alikuwa akipeleka sambusa sita kwa nyumba fulani na kusema, "Nimejaribu nyama ya aina mpya, nionjeeni." Na wajua ada ya kwetu, sahani ya futari hairudi tupu. Mwenye tende akaweka tende tatu, mwenye ndimu akaweka ndimu, na jirani wa ghorofani akarudisha sahani ina majani ya mwarubaini na ujumbe kwamba ni dawa ya vidole vyangu. Nani alimwambia habari ya vidole vyangu? Mama yako, bila shaka. Alikuwa ameshaeneza mtaa mzima kwamba mumewe hana kazi na anajifunza kubandua manda. Nilikasirika. Nilikasirika usiku mmoja. Asubuhi yake wanaume watatu waliniita dirishani, mmoja baada ya mwingine, wakanieleza yao. Mmoja wao alikuwa akiendesha tuktuk, na kwa wiki sita alikuwa akiiwasha kila asubuhi na kuizima kona ya pili.

Tarawehe tuliswali nyumbani. Nilisimama mbele, mama yako na mdogo wako nyuma yangu. Sikuwa nimewahi kuswalisha, na sauti ilinitetemeka.

Jambo la pili lilikuwa gumu kwangu zaidi ya kusema, nalo ni kupokea. Siku moja iliingia shilingi 1,000 kwenye simu, imetoka kwa kijana niliyemfunza kushika trei Diani. Wakati ule kutuma pesa kwa simu mpaka shilingi 1,000 kulikuwa hakukatwi ada, kwa hivyo watu walikuwa wakitumiana vijisehemu, 200, 300, 500. Kijana yule alitumwa nyumbani siku moja na mimi, na ana watoto wawili. Nilishika simu nikataka kumrudishia. Mama yako akaniuliza, "Wewe ungempa yeye?" Nikasema ningempa. "Ungetaka akurudishie?" Nikaiweka simu chini. Nilimpigia badala yake, tukazungumza karibu saa nzima, naye akalia, nami nikalia, halafu tukaagana. Elfu ile ilikuwa unga na mafuta.

Sitaki udhani kwamba kusema na kupokea kuliponya kila kitu. Ami yako alifariki Malindi mwezi wa sita. Habari ilikuja alfajiri, na maziko ni baada ya Adhuhuri. Kutoka hapa hadi Malindi ni mwendo wa saa mbili tatu kwa gari, lakini Mtwapa kulikuwa na kizuizi, na bila kibali hupiti. Nikaenda kuomba kibali, nikaambiwa nirudi kesho. Maiti wetu hangoji kesho. Nilimzika ndugu yangu kwa simu, mwanangu. Binamu yako aliinua simu yake juu ya kaburi, nikasikia majembe na upepo, na mtu akikohoa. Tulisoma hitima kwa simu vilevile, kila mtu kwake. Njia zilipofunguliwa tarehe 7 Julai nilitoka hapa alfajiri hiyo hiyo, matatu ya watu 14 imebeba wanane na nauli imepanda, nikafika kaburini mchanga ushashuka na majani yashaota pembeni. Nilikaa pale mpaka jua likawa kali. Hili sikujifunza kitu kwalo. Liliniuma, na bado laniuma, na siku mtu akiniambia kila msiba una funzo, mimi huondoka.

Na ile bangili. Umenieleza mama yako alikutajia juzi kwamba hana tena bangili ya bibi yako, akakukatizia hapo. Aliiuza kwa sonara mwezi wa Julai. Hakuiuza kwa siri. Tulikaa kitandani, sisi wawili, na kijitabu cha mapato ya manda, deni la kodi ya nyumba na karo yako ya muhula ambao ungefunguliwa, na yeye ndiye aliyesema. Nilikataa siku mbili. Tulikwenda pamoja. Sonara alipoipima nilimshika mkono, na tulirudi kwa miguu tukipita Kibokoni bila haraka. Nakueleza hivi kwa sababu najua utaanza kujilaumu kwa karo. Usijilaumu. Ilitoka mkononi mwa mama yako kwa macho makavu. Angekuwa ameiuza peke yake na kunificha, ingelikuwa ni huzuni nyingine kabisa.

Hoteli ilipofunguliwa iliita baadhi ya watu, mimi sikuitwa. Wengi wa rika langu hatukuitwa. Baada ya Idd tulikuwa tumeshaanza mahamri na mbaazi za asubuhi, na mpaka leo ndiyo kazi yetu kama unavyoijua. Hatukutajirika. Kuna miezi mizuri na kuna miezi ya kuhesabu. Bahari naikosa, nakiri, na harufu ya ukumbi wa chakula kabla wageni hawajashuka, meza zote zimetandikwa na hakuna aliyegusa kitu.

Sasa wewe. Umeniandikia kwamba bado unavaa kila asubuhi na kutoka, unakwenda kukaa maktaba mpaka jioni, ili wenzako wa nyumba wasijue. Niliposoma mstari huo nilikaa chini. Binti yangu, hata hukunijua nilivyokuwa nikifanya, na umefanya vilevile. Si lawama. Nimekurithisha bila kukusudia, kwa kunyamaza kwangu, na ndiyo maana nimekuandikia yote haya leo.

Kazi utapata au hutapata upesi, hilo silijui. Hapa kuna chumba chako, na kuna kigoda cha pili jikoni. Ukitaka kuja, niambie siku, nikukate tikiti ya treni. Ukitaka kubaki Nairobi uendelee kutafuta, baki, tutakutumia tutakachoweza, nawe upokee. Watafute pia waliofanya kazi nawe, uwaambie. Anza na yule unayemwonea haya kuliko wote.

Mama yako sijamwambia. Nilitaka sana, na jana usiku aliniuliza barua ina nini nikamwambia una salamu na una jambo lako utamweleza mwenyewe. Akanitazama, hakuuliza tena. Sasa hivi ninapoandika nasikia mbuzi inavyokwaruza, mama yako anakuna nazi za mahamri ya kesho. Simu yake iko dirishani kwenye chaji, imejaa. Huwa anamaliza nazi kabla ya Isha.

Wasalaam,
Baba yako